Bati Jipya la Bibi: Barua ya Wazi kwa Wenyeviti wa Mitaa wa Dar es Salaam

Ndugu wenyeviti,

Waziri ningeweza kumwandikia, na wakurugenzi pia, lakini wao hawana vitu viwili mlivyo navyo ninyi: muhuri na mkutano. Muhuri wenu ndio unaoupa uzito mkataba wa chumba kimoja Mbagala au Manzese. Mkutano wenu ndio unaolitaja jina la mtu mbele ya majirani zake, halafu majirani hao waamue kama huyu ni maskini kweli au anajifanya. Tangu mlipochaguliwa Novemba 27, 2024, hakuna kiongozi anayeishi karibu na mlango wa mpangaji kuliko ninyi.

Nianze na kosa langu. Mimi ni mwenye nyumba. Mama alituachia nyumba ya Kiswahili hapa Tandika, ya aina mnayoijua: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo uani, na mabanda mawili aliyoyaongeza mwenyewe tofali kwa tofali. Miaka sita iliyopita dalali alimleta mama mmoja wa makamo kuangalia banda la uani. Alikuwa na watoto watatu. Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema asubuhi anauza vitumbua, "na TASAF wananisaidia kidogo." Alilisema hilo kwa kujiamini, kama mtu anayetaja jina la mdhamini wake.

Nikamwambia chumba kimeshachukuliwa. Dalali alinitazama, kisha akatazama mlango wa banda uliokuwa wazi, ufagio umeegemezwa pale, sakafu haijakauka maji niliyomwaga kuoshea. Hakusema kitu. Mama yule alishukuru, akawashika watoto mikono, wakaondoka.

Nimejiuliza mara nyingi nilisikia nini siku ile. Yule mama alinitajia kipato kinachojulikana kinakotoka na kila baada ya muda gani. Angesema mume wake anaendesha bodaboda ningempa funguo papo hapo, na bodaboda inaweza kuibwa usiku huohuo. Lakini nilisikia "TASAF" nikasikia uvivu, usumbufu, na mtu atakayeniganda. Hakuna aliyenifundisha hivyo darasani. Nilijifunza kwenye baraza, kwenye daladala na, mnisamehe, kwenye mikutano yenu.

Kitaalamu fedha zile zinaitwa uhawilishaji, neno ambalo sijawahi kulisikia likitamkwa na mtu aliyesimama kwenye foleni ya malipo. Mtaani ni hela za TASAF, na anayezipokea ni "mtu wa TASAF", kana kwamba ni kabila lake. Basi tuzihesabu. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulipozinduliwa Agosti 2012, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa kaya kwa mwezi. Kaya yenye watoto wanaohudhuria shule na kliniki iliweza kuongezewa mpaka 38,000, basi. Baadaye viwango vilipandishwa, lakini hata hivyo hakuna aliyehamia Masaki. Mtoto mchanga aliyepelekwa kliniki aliiongezea kaya shilingi 4,000 kwa mwezi. Kwenye mkutano husimama mtu, mara nyingi mwanamume aliyeshiba, akasema wanawake hawa wanazaa ili waongezewe. Naomba mtu huyo akabidhiwe mtoto mchanga na shilingi 4,000, aje atupe hesabu mwisho wa mwezi: sabuni, unga wa uji, mafuta, nauli. Na asirudi kuomba nyongeza.

Sasa tuingie kwenye chumba chenyewe. Banda langu nilikuwa nalipangisha kwa 40,000 kwa mwezi, na kama ilivyo desturi ya jiji hili nilitaka miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni 240,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, inafika 280,000. Kwa yule aliyekuwa akipata kile kiwango cha juu cha mwanzo, cha 38,000, kuweka fedha hiyo kungemchukua zaidi ya miezi saba bila yeye na watoto kula chochote. Kwa mwenye ruzuku ya msingi peke yake ni miezi 28. Malipo yenyewe yamepangwa kutoka kila baada ya miezi miwili, na mnajua wenyewe jinsi tarehe zinavyoweza kusogea. Kwa hiyo hata nisingekuwa na dharau yoyote, utaratibu wangu wa kodi ungemfukuza kabla yangu. Mlango wa banda ulikuwa na makufuli mawili, na mimi nilikuwa nimeshika ufunguo mmoja tu.

Siwatukani wenye nyumba wenzangu. Mtu wa nje akiwaza mwenye nyumba wa Dar es Salaam anaona tumbo na gari. Mimi namuona mama yangu, mjane, aliyelala chumba cha kwanza kushoto ili asikie geti likifunguliwa usiku, na aliyeishi kwa kodi za vyumba vitano vilivyobaki. Nyumba nafuu za jiji hili zimejengwa na watu kama yeye. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na miaka yake ya mwanzo lilibomoa vibanda na kujenga nyumba za watu wa kawaida sehemu kama Magomeni. Leo jina lake tunalisoma kwenye maghorofa. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipima ardhi nyingi na nzuri, lakini muuza vitumbua hakuwa na bei ya kiwanja. Walio wengi katika jiji hili wanaishi kwenye maeneo yasiyopimwa, wamepanga kwa mtu ambaye naye hana hati.

Na huyo mtu anataka miezi sita kwa sababu yake. Mwaka ule mama alipojenga banda la pili, aliwapigia hodi wapangaji watatu, akachukua kodi ya miezi sita kwa kila mmoja siku moja, na kesho yake mchanga ukamwagwa uani. Benki isingempa hata fomu. Wapangaji wake walimkopesha bila riba, bila dhamana na bila kuulizwa kama wanapenda. Nimekuja kulielewa hili nikiwa mtu mzima: mabanda ninayoyaita ya mama yangu yalijengwa kwa mkopo wa watu waliolala chini ya paa lake, na yeye, na mimi baada yake, tukajiona ndio tunaowasaidia wao kwa kuwapa pa kulala.

Kuna hili pia la LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa tunaponunua umeme, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini anayeingiza tarakimu kwenye mita ni mpangaji. Nimekaa miaka na sijawahi kumrudishia mpangaji wangu hata shilingi moja, na sidhani kama mtaani kwetu yupo aliyewahi. Kwa hiyo yule mama wa vitumbua, popote alipopata chumba, uwezekano mkubwa ni kwamba anamlipia mwenye nyumba wake kodi ya serikali. Halafu jioni barazani tunasema watu wa TASAF wanakula kodi zetu.

Zamani palikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi na muda wa kulipa ni mapatano ya watu wawili, mmoja ana funguo, mwingine ana watoto na godoro nje ya geti.

Dharau yetu ina historia, na nchi hii haikuanza nayo. Azimio la Arusha la 1967 liliposema kila mtu mwenye uwezo afanye kazi, lilitaja pia wanaoruhusiwa kuishi kwa jasho la wenzao: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu, na wale ambao dola kwa wakati fulani imeshindwa kuwapatia kazi ya kujipatia riziki. Makundi matatu ya kwanza tunayakumbuka, hata kwenye dua. Kundi la nne tumelisahau kabisa, nalo ndilo lililojaa mitaani kwenu. Neno kupe enzi zile alitupiwa mnyonyaji mwenye mali. Lakini ilipofika 1983, mwaka wa Sheria ya Nguvu Kazi, waliokuwa wakikamatwa barabarani na kupakiwa kwenye malori kurudishwa vijijini walikuwa watu wasio na kazi rasmi. Nilikuwa mtoto mdogo, ila nakumbuka baba hakuthubutu kwenda hata dukani bila kitambulisho cha kazini mfukoni. Nadhani hapo ndipo kupe alipobadilisha makazi: akatoka kwa aliyekuwa navyo, akahamia kwa aliyekosa.

Na walionavyo wakasahauliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi wa umma, kwa bei nafuu na kwa awamu, nyingine sehemu kama Oysterbay ambako kiwanja kitupu tu ni utajiri. Mjadala wake ulifika mpaka bungeni. Hata hivyo sijasikia walionunua wakiitwa wanufaika. Hakuna aliyekwenda na dodoso kuuliza wanapika kwa kuni au kwa gesi, hakuna aliyebandika majina yao kwenye ubao wa matangazo. Lakini kaya 644 za Magomeni Kota, zilizohamishwa kwenye makazi yao na kusubiri miaka, ziliporudishwa kwenye maghorofa yaliyofunguliwa Machi 2022, nilimsikia abiria kwenye daladala akisema kwa uchungu: "Wenzetu hao wamepewa vya bure." Msaada mkubwa huitwa haki ya mtumishi, mdogo huitwa vya bure.

Sasa nije kwa bibi mwenye bati, kwa kuwa ndiye aliyenifanya niandike.

Huyu ni jirani yangu, sitamtaja. Analea wajukuu watatu. Nyumba yake ni vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, na kwa miaka yote bati lake lilikuwa la kutu, limekandamizwa kwa mawe na tairi. Mvua za masika zikianza, wajukuu walikuja kulala ukumbini kwetu. Aliingia kwenye mpango kwa njia ya kawaida: mkutano ukataja jina lake, akaja mwezeshaji na kishikwambi, akauliza maswali, na mengi kati ya hayo yalihusu nyumba. Ukuta ni wa nini? Paa je? Sakafu? Choo? Nyumba ilitoa ushahidi mzuri, kwa maana ilikuwa mbovu.

Bibi akaingia kikundi cha kuweka na kukopa. Akafanya ajira za muda za mpango, kuzibua mitaro, ambazo ujira wake awamu ya kwanza ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku. Jua kali, umri ule. Baada ya miaka akanunua mabati, kidogo kidogo, akiyahifadhi chini ya kitanda, na siku moja fundi akaja akaezua lile la kutu. Jioni hiyo wajukuu walipiga mawe madogo juu ya paa ili wasikie mlio wake mpya, bibi akawafokea huku anacheka.

Ulipofika mkutano wa uhakiki, akasimama mtu: "Huyu naye ni kaya maskini? Kapaua bati jipya, linang'aa mpaka barabarani!" Watu wakapiga makofi. Wengine walicheka. Bibi alikuwa amekaa chini, mbele, na kanga yake begani. Hakujibu. Kiongozi wa meza kuu, wa mtaa ambao sitautaja, alitabasamu na kusema, "Haya, tumelisikia." Mimi nilikuwepo. Sikusimama.

Wiki hiyohiyo kwenye taarifa ya habari niliona viongozi wakimtembelea mnufaika wa mkoa mwingine na kumsifu, kamera ikipanda taratibu kuonyesha nini? Bati. Serikali inaonyesha bati kama ushahidi kwamba fedha zimefanya kazi. Mtaa unaonyesha bati lilelile kama ushahidi wa wizi. Bibi afanye lipi? Akibaki na paa la kutu tunasema ni mvivu, fedha anapeleka kwenye ngoma za vigodoro. Akiezeka, tunasema anatudanganya. Wahenga walituambia nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi hata mlangoni hatufiki. Tunamhukumu mtu kwa paa, tukiwa barabarani.

Najua mtakachonijibu. Mtasema majina yasipotajwa hadharani wataingia watu hewa, na mna haki ya kusema hivyo: uhakiki wa 2016 uliondoa makumi ya maelfu ya kaya, wengine walikuwa wamekufa, wengine hawakuwa maskini. Sitaki orodha ifichwe. Orodha ibaki ubaoni, na mwenye pingamizi aje ofisini kwenu aseme anachokijua, kiandikwe, kikaangaliwe. Ninachopinga ni ile nusu saa ya mkutano ambapo mwenye ulimi mrefu anamvua mwenzake nguo na meza kuu inatabasamu. Bati halisemi bibi ana kiasi gani cha unga leo. Mkisikia neno bati limetajwa, ulizeni swali moja tu: limenunuliwa kwa muda gani? Jibu la bibi lingekuwa miaka minne. Hakuna aliyemuuliza.

Wala msinijibu kwamba maskini hajui kutunza fedha. Kurasini ilipobomolewa kupisha upanuzi wa bandari, wenye nyumba walilipwa fidia, wapangaji hawakulipwa. Baadhi yao walijiunga na wenye nyumba katika vikundi vya akiba, wakanunua ekari 30 Chamazi, wakaanza na nyumba ndogo ambazo mtu anaongezea chumba kadiri anavyopata. Wale walikuwa watu wa kuweka mia tano na elfu moja. Nenda rudi za Chamazi zina tabu zake, maji na usafiri viliwasumbua sana, lakini fedha walijua kuitunza.

Kwenye muhuri ndiko ninakowaombea zaidi, kwa kuwa huko hamhitaji bajeti wala kibali cha mtu. Kila mkataba wa pango unaoletwa mbele yenu mnaugonga bila kuusoma. Wekeni ofisini mkataba mmoja wa mfano, wa kulipa mwezi kwa mwezi, au miwili kwa miwili kwa anayepokea ruzuku ili tarehe ya kodi ifuate tarehe ya malipo yake. Mwenye nyumba akija na mpangaji, mwonyesheni huo kwanza. Atakataa, najua, atasema mpangaji wa mwezi mmoja atamsumbua. Hapo ndipo mumpe kitu na yeye: ahadi kwamba mpangaji akikosa kodi mwezi wa pili, mtakaa nao wote wawili ndani ya wiki, mkiwasikiliza na kuandika. Tunaogopa wapangaji maskini kwa sehemu kwa sababu mambo yakiharibika tunaachwa peke yetu nao uani, na maneno yanageuka matusi. Mngekuwa mnaitika tunapowaita, wengi wetu tusingehitaji miezi sita kama ngao.

Na ada ya kugonga muhuri, kwa mtu wa chumba cha 40,000, iacheni.

Yule mama wa vitumbua sijui aliko. Dalali aliwahi kuniambia alipata chumba bondeni, huko ambako kodi ni ndogo kwa sababu maji ya mto yanaingia ndani kila masika. Dalali yuleyule nimempigia simu juzi. Banda langu liko wazi tangu mwezi uliopita, na nimemwambia anitafutie mtu bila kumuuliza anasaidiwa na nani. Alinyamaza kidogo kwenye simu. Nadhani alikuwa anaukumbuka ule ufagio.

Mwenyekiti wangu, wewe unajijua. Jumatatu asubuhi nitakuja ofisini na mpangaji na mkataba wa mwezi mmoja mmoja. Kifungu cha nne kinasema kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU itapunguzwa kwenye pango, ni juu ya mwenye nyumba. Mara ya mwisho muhuri wako ulitoka hafifu, hata jina la mtaa halikusomeka. Naomba uutie wino kabla hatujafika.

Ni mimi,
Mwenye nyumba wa Tandika